Mwendo wa Tumpe

Siku kitulizi kilipovishwa kwa mara ya kwanza kwenye mkono wa kulia wa Subilaga Mwaisumo, alipewa sindano na uzi. Mhandisi Nsia Kimambo, aliyekibuni, alimwomba atie uzi kwenye tundu la sindano. Subilaga alicheka akidhani anataniwa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa mwaka mzima uliopita hakuweza kunyanyua kikombe cha chai bila nusu yake kuishia kwenye kitenge. Akajaribu ili tu kumridhisha binti wa watu. Uzi ukapita. Akauchomoa, akautia tena, ukapita tena, na mara ya tano akaiweka sindano mezani taratibu akaanza kulia. Nsia alikuwa amejiandaa kwa kila hitilafu ya mtambo wake isipokuwa machozi, basi akabaki kasimama na kishikwambi chake kifuani.

Kitulizi kilikuwa soksi nyembamba ya rangi ya ngozi, ikianzia kwenye kiwiko na kuishia pale vidole vinapoanza. Ndani yake zilipita nyuzi laini kuliko unywele, na kazi ya nyuzi hizo ilikuwa kusikiliza neva. Mkono wa mgonjwa wa kutetemeka hupokea amri mbili kwa wakati mmoja, ya mtu na ya ugonjwa. Kitulizi huzisikia zote mbili, huiacha ya kwanza ipite, na ya pili huinyamazisha. Ndivyo Nsia alivyomweleza Subilaga, na aliamini kila neno alilolisema. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya mno, na mimi siwezi kumsema. Binti yule hakudanganya.

Mbeya ya mwaka 2094 ilikuwa na vigari vya waya vilivyopanda mlima Loleza kila baada ya dakika nne. Sokoni Mwanjelwa roboti ziliuza ndizi na kubishana na wateja kwa maneno ya kuudhi kuliko ya wenye ndizi wenyewe. Mtu akitaka filamu aliitamka tu kwa mdomo, na chombo kiitwacho kitunga-picha kikamtengenezea kabla hajamaliza chai yake. Katika mji kama huo, kwenye chumba kimoja cha uani mtaa wa Forest, Subilaga alikuwa akitengeneza filamu kwa mchanga na kidole. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye filamu hiyo moja, na ilikuwa haijafika dakika tisa.

Kazi yenyewe iko hivi. Unakuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake. Unamwaga mchanga mwembamba, nao wa Subilaga ulitoka ufukweni Matema na aliuchuja mwenyewe kwa chujio la chai, kisha unausukuma kwa kidole. Palipojaa mchanga panakuwa peusi, palipo haba panapata rangi ya chai ya maziwa, na pasipo na kitu ni mwanga mtupu. Picha ikikamilika, kamera inayoning'inia juu inaipiga. Halafu unaiharibu. Unausukuma mchanga uleule kidogo tu, upana wa punje ya mchele, mguu usogee au shingo igeuke, kisha unapiga tena. Picha kumi na mbili ndizo zinazofanya sekunde moja. Kila picha inavurugwa ili inayofuata ipatikane, na hakuna kurudi nyuma, kwa sababu cha kurudia hakipo tena mezani.

Mafundi wa mchanga walikuwa na mwiko wao. Mtu haangalii alichopiga mpaka onyesho zima limalizike. Ukichungulia katikati, walisema, jicho linaanza kuuamrisha mkono, na mkono unaanza kujiiga wenyewe. Akiwa na miaka ishirini, Subilaga alifundishwa mwiko huo na Mwalimu Edina Sanga, mama mmoja mkali aliyefunika kioo cha kuonyeshea picha kwa leso yake na kuondoka na funguo. Darasa lao lilikuwa la watu kumi na wanne. Wote walianza na matangazo ya mchele na hadithi za watoto za kwenye televisheni, na Subilaga alipata hata tuzo moja kwa filamu ya kuku mwenye kiburi ambayo watoto wa Mbeya waliikariri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akili mnemba ikausoma mchanga wao wote kwa alasiri moja, na kuanzia hapo yeyote aliyetaka filamu ya mchanga aliitamka tu. Wenzake wakatawanyika. Mmoja akawa mpambaji wa harusi, mwingine akafungua bucha Uyole na bucha ikamkubali. Subilaga alibaki. Akiulizwa kwa nini, alisema hajui kazi nyingine, na huo ulikuwa uongo, maana alipika keki zilizogombaniwa mtaa mzima.

Ukweli ni kwamba alibaki kwa ajili ya Tumpe.

Tumpe alikuwa mwanawe wa pekee, na mpaka leo watu wa mtaa humwita Subilaga Mama Tumpe, ingawa wengi wao hawakumwona huyo mtoto. Alizaliwa na nyonga ya kushoto iliyokaa vibaya. Alichechemea, lakini wanaochechemea ni wengi na hakuna aliyetembea kama yeye. Aliurusha mguu mbele, akausubirisha hewani kidogo, akautua, halafu mwili mzima ukamfuata kwa kijirukio, na kadiri alivyofurahi ndivyo kijirukio kilivyokuwa kikubwa. Akiwa na sahani mkononi alitembea hivyohivyo na hakumwaga kitu. Majirani walimtambua kwa mlio wa kandambili zake kabla hajatokea kwenye kona. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alikubali apelekwe hospitali anyooshwe nyonga. Baba yake, Anyosisye, alikataa kwa wiki mbili, akisema mtoto hana shida, wenye shida ni watazamaji. Mwisho akachoka kubishana. Mashine ya kupasulia ilifanya kazi yake vizuri, nyonga ikakaa mahali pake, na Tumpe hakuamka kwenye usingizi wa dawa. Ndoa nayo haikumaliza mwaka. Anyosisye alihamia Mbozi akalima kahawa, na hakuoa tena.

Utauliza, je, hazikuwepo picha zake? Zilikuwepo video mia mbili na kumi na nne. Ila kamera za miaka ile zote zilitoka kiwandani na akili mnemba ya kupendezesha. Zilifuta chunusi, zilituliza picha iliyotikisika, na mtu aliyepinda zilimnyoosha, kisha zikahifadhi ile nzuri tu na kuitupa ya kwanza ili zisijaze nafasi. Wakati huo hakuna aliyelalamika, maana nani anakataa kuonekana mzuri? Katika video zote mia mbili na kumi na nne, Tumpe anatembea kama askari wa gwaride. Subilaga alizitazama zote mara moja baada ya msiba, akazifunga, na hakuzifungua tena.

Hivyo mwendo wa Tumpe haukuwa umebaki popote duniani isipokuwa kwenye mkono wa mama yake. Nasema mkono kwa makusudi. Yeye mwenyewe hakuweza kuueleza kwa maneno, na akifumba macho kuukumbuka ulimponyoka. Lakini kidole chake cha mwisho kikigusa mchanga, mwendo ulitoka. Alikuwa amejaribu mara nyingi pembeni ya kioo, hatua tatu, hatua nne, akazikimbiza mara moja kuhakikisha, kisha akafuta mchanga na picha zake. Filamu nzima aliijenga kuuzunguka mwendo huo bila kuugusa: Tumpe anasukwa nywele, Tumpe anakula, Tumpe amelala mdomo wazi. Onyesho la mwisho, ambalo Tumpe anatoka kwa jirani na sahani iliyofunikwa na kuuvuka ua hadi mlangoni kwao, aliliahirisha mwaka hadi mwaka. Aliliogopa. Akimaliza kumtembeza, alijua, atakuwa hana tena cha kumfanyia mtoto wake.

Alipokuja kupata moyo, mkono ukaanza kutetemeka.

Basi unaweza kuelewa alivyokipokea kitulizi. Kesho yake tu baada ya ile sindano alikaa mezani saa mbili asubuhi na hakuinuka mpaka saa tisa. Sekunde tisini za kuvuka ua ni picha elfu moja na themanini, na alipiga kumi au kumi na moja kwa siku. Nsia alikuja kila Ijumaa kupima neva. Mwanzoni alikaa nusu saa, baadaye akawa anakaa mpaka mchana, akila keki na kumtazama mama huyu akisogeza mguu wa mchanga kwa upana wa punje ya mchele. Alimzoea, akaanza kumwita mama bila kuongeza jina la mtoto. Mara moja aliomba aone kipande kilichokwisha. Subilaga akamjibu kwamba kwenye kazi hiyo hawachungulii, na akafunika kioo cha kuonyeshea kwa leso, kama alivyofunzwa.

Mwezi wa nne tangu kitulizi kivishwe, vipimo vilileta habari ambayo hata Nsia hakuitegemea. Alimwomba Subilaga avue kitulizi, kisha amimine chai. Mkono mtupu ukamimina kikombe hadi ukingoni bila tone kuanguka. Neva zilikuwa zimezoea kutulizwa kila siku hadi zikajifunza kutulia zenyewe. Nsia aliruka kwa furaha, akamkumbatia, akasema ugonjwa huu haujawahi kumtoka mtu. Wiki hiyohiyo Subilaga alipiga picha ya elfu moja na themanini. Tumpe alikuwa amefika mlangoni.

Mwiko wa kutochungulia ulikuwa na sehemu ya pili. Onyesho likimalizika, halitazamwi na fundi peke yake, hutazamwa pamoja na mtu anayekijua kilichochorwa. Kama umechora mto, unamwita mtu wa mto huo. Ni Anyosisye tu aliyebaki akimjua Tumpe kama yeye, na ilikuwa miaka kumi na minane hawajaonana. Subilaga alimpigia simu. Anyosisye alikubali kabla hajamaliza kuelezwa, akaja siku ya pili na mfuko wa kahawa, amevaa koti lililokuwa limepigwa pasi hadi likang'aa. Walisalimiana kwa kupeana mikono yote miwili, wakaulizana habari za ndugu waliobaki, ambao si wengi. Nsia alikuwepo pia, maana Subilaga alisema yeye aliyeurudisha mwendo ule naye auone.

Leso ikaondolewa. Kwenye kioo ukatokea ua wa mchanga, mlango wa jirani ukafunguka, na mtoto wa kike akatoka na sahani. Alikuwa na uso wa Tumpe kabisa, na masikio yake, na ile kola ya gauni iliyokataa kulala. Akaanza kutembea. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, sawasawa, bila kusubiri na bila kijirukio, mpaka akafika mlangoni akainua uso. Ilikuwa kazi nzuri sana. Nsia alipiga makofi mara mbili kisha akaona kwamba wenzake hawapigi.

Anyosisye alikuwa ameinama mbele, viwiko kwenye magoti. Aliomba waoneshwe tena, wakaoneshwa. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, kama mtu anayeuliza njia, "Mama Tumpe, huyu mtoto ni wa nani?"

 Subilaga aliendesha picha zile mara ya tatu, polepole, moja moja, akitafuta mahali alipokosea, na hapakuwa na kosa. Hapo ndipo nami nikueleze, kwa sababu Nsia aliyegundua alichelewa kusema. Mwendo kwenye mchanga hauko ndani ya picha yoyote, uko katikati ya picha na picha: hapa unasukuma kidogo, hapa husukumi kabisa, hapa unasukuma ghafla. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba jicho lililo mezani haliwezi kuzipata, mpaka picha zikimbizwe pamoja. Subilaga alizifanya kwa kuhisi. Na kitulizi, ili kijue lipi ni la mtu na lipi ni la ugonjwa, kilifunzwa kwa mikono elfu arobaini ya watu wazima wenye afya. Kusita, kushtuka, kuvuta kidogo kisha kuachia, vyote hivyo mikononi mwa watu hao vilikuwa havipo, basi kikavihesabu kuwa ugonjwa. Siku baada ya siku kilikuwa kikiutuliza mguu wa Tumpe.

Nsia aliposema hayo, aliyasema amesimama. Alisema hakujua. Alisema angeuliza kabla, lakini hakujua kuna swali la kuuliza. Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumkaripia. Alichomwambia ni hiki, na hakupandisha sauti:

"Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Mara mbili nimekubali mtoto wangu anyooshwe, na mara zote mbili nilishukuru."

Anyosisye alijongeza kiti chake. "Sikuja kukulaumu," alisema. "Sijawahi kuja kukulaumu. Ningekuja zamani."

Alivyosema hivyo mama wa watu akavunjika. Alilia bila kujifunika, kinywa wazi, kama alivyoshindwa kulia mwaka ule kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni wa kuhudumia. Anyosisye naye machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa lile koti lake zuri. Nsia hakujua atazame wapi.

Baadaye Subilaga alinawa uso, akawasha taa ya meza, akamwaga mchanga. Alikuwa na mkono mtupu, bila kitulizi. Alisema anafanya hatua nne tu, kama zile za pembeni ya kioo. Alichora mguu wa mtoto akaanza kuusukuma kwa kidole cha mwisho, picha baada ya picha, Anyosisye na Nsia wakisubiri kwa zaidi ya saa nzima. Zilipokimbizwa, mguu ulitembea sawasawa. Akarudia kwa kulazimisha, akisita kwa makusudi, na kilichotokea ni mtu mzima anayeigiza kilema, kitu cha aibu kukitazama. Mkono ulikuwa umepona. Alichokuwa amekihifadhi humo kwa miaka kumi na minane ya maombolezo kilikuwa kimetoka pamoja na ugonjwa.

Nsia ni mhandisi, na mhandisi akiona kitu kimeharibika huuliza kitatengenezwaje. Alisema upo uwezekano. Angeweza kuufundisha mtambo mwendo wenyewe, mwendo wa Tumpe peke yake, kisha mtambo uurudishe kwenye zile picha elfu moja na themanini. Alichohitaji ni kipimo. Aliurushaje mguu, aliusubirisha muda gani, kijirukio kilianzia wapi. Alifungua kishikwambi, akakielekeza kwenye sakafu, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Nionesheni tu. Yeyote kati yenu."

Wazazi wakatazamana. Anyosisye alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akaenda hadi ukutani akageuka. Akatembea. Mzee wa miaka sitini na minane akaurusha mguu wa kushoto, akausubirisha hewani, akatua, akaruka kidogo. Subilaga alitikisa kichwa. Akamwambia anaanzisha bega, na Tumpe hakuanzisha bega, alianzisha nyonga. Anyosisye akarudia kwa nyonga. Akaambiwa anasubiri mno. Akajibu kwamba hapana, ndivyo alivyosubiri, yeye ndiye aliyempeleka shule kila asubuhi, anajua. Subilaga akainuka, akamsogeza mumewe wa zamani kwa mkono akisema sogea, akatembea yeye. Anyosisye akamtazama hadi mwisho wa chumba, akasema kwa huzuni kwamba huyo ni marehemu mama yake yeye, bibi yake Tumpe, alivyotembea alipoumwa mguu.

Wakajaribu tena. Mara nyingine mmoja aliipata hatua moja, mwenzake akashtuka akasema hiyo, hiyohiyo, irudie, na ikirudiwa haikuwa hiyo. Wakabeba sahani. Wakavua viatu. Wakatembea sambamba ili mmoja amrekebishe mwingine, wakakubaliana juu ya nyonga na wakabishana juu ya kijirukio, kisha wakasahau kubishana. Nsia alikuwa amekwishazima kishikwambi. Aliwaomba wapumzike, akawaomba mara ya pili, lakini hawakumsikia. Waliendelea kuizunguka meza ya kioo, baba akichechemea hivi na mama akichechemea vile, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Tumpe.